Tundu Kwanza

Wako waungwana wanaodai kwamba kijana wa leo hana haja ya kufundishwa mpango wa kukata, kwa kuwa kompyuta itampangia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Mwaka jana nilikwenda kwenye karakana moja kuchukua vigoda 12 vya watoto wa chekechea ya mtaani kwetu. Nikamkuta kijana wa pale ameinamisha kichwa. Wanatumia mashine ya CNC, yaani kisu kinachozunguka kwa kasi na kuongozwa na kompyuta juu ya bapa la plaiwudi. Kila kikalio kilitakiwa kiwe na tundu la kushikia katikati. Mashine ikaanza na mkato wa nje. Kikalio kikaachana na bapa, ndipo kisu kikarudi kutoboa tundu katika kitu kisichoshikwa na chochote. Kikalio kikageuka, kisu kikavunjika, plaiwudi ikaharibika.

"Shikamoo, Mwalimu. Mashine imekosea."

"Marahaba, mwanangu. Nani alipanga kipi kianze?"

"Programu."

Mwenye karakana alikuwa amekwisha kumkata mshahara, bei ya bapa na bei ya kisu.

Sasa, mashine haikukosea. Mwaka 1952 chuo cha MIT, kule Marekani, kilionyesha mashine iliyosoma amri katika utepe wa karatasi uliotobolewa. Tangu wakati huo mashine za jamii hii hufanya lile lile: husoma amri ya kwanza, hutii, huenda ya pili. Programu nayo ilitafuta njia fupi ili kisu kisitembee bure hewani, na njia fupi ikaipata. Akiba yenyewe ilikuwa sekunde chache.

Nitaambiwa kwamba programu hizo zina chaguo la kukata ndani kabla ya nje. Ni kweli, na ni chaguo zuri. Lakini atalichaguaje mtu asiyejua kwa nini lipo? Tena halitoshi. Katika karakana kubwa bapa hushikwa mezani kwa mvuto wa hewa. Kila mkato unaopenya hadi chini hufungua mwanya, hewa huvuja, na mshiko hulegea. Kwa hiyo vipande vidogo, ambavyo vina eneo dogo la kushikwa, hukatwa mapema wakati mvuto ungali na nguvu, au huachiwa vishikizo vyembamba vya kuvifunga na bapa mpaka mwisho. Programu inajua mistari. Haijui kwamba pampu yako imechoka, wala kwamba bapa lako limepinda kwa sababu lililala nje usiku wa mvua. Hayo anayajua aliyesimama pale.

Nasi maseremala wa msumeno na patasi tuliyajua. Tulichimba tundu la kuingizia ulimi kabla ya kukata ubao kwa urefu wake kamili, maana ile ncha ya ziada huzuia ubao usipasuke. Hatukuwa na akili kuliko vijana hawa. Tulifundishwa, na aliyekosea mpango alipoteza alama za mtihani, si ujira wa kumlisha mama yake.

Kijana yule ana cheti. Nilikisoma. Amefundishwa kuchora na kubonyeza. Kuhusu kipi kitangulie, hakuna hata somo moja. Na nisiwatupie wengine lawama zote. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu mimi mwenyewe nilitia saini meza za useremala ziondolewe ili chumba kiwe cha kompyuta. Nilipigiwa makofi siku ile. Hakuna aliyeniuliza, wala sikujiuliza, kwa nini vyote viwili visikae chini ya paa moja.

Kumtoza mwanafunzi kosa la somo ambalo hakufundishwa ni dhuluma, na nilimwambia hivyo mwenye karakana mbele ya wafanyakazi wake. Alirudisha nusu ya fedha. Nusu nyingine bado ninaidai kila nikipita, naye hujifanya yuko kwenye simu.

Kijana sasa huandika namba kwa penseli kwenye karatasi ya mchoro kabla ya kuwasha kompyuta: moja, tundu, mbili, mifuo ya miguu, tatu, mkato wa nje. Mwenye karakana analalamika kwamba zinapotea dakika kumi.