Bunduki ya Mkulima: Haki Isiyotengana na Elimu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, mkulima wa Nachingwea au Ruangwa huhangaikia mahindi, mtama na muhogo msimu mzima, kisha kwa usiku mmoja nguruwe pori humaliza jasho lake. Hukesha juu ya dungu akipiga debe mpaka alfajiri. Akiuliza njia ya kumiliki bunduki kihalali, huangaliwa kama jangili.

Wapo wanaodai kuwa silaha ni ya askari peke yake. Dai hili ni batili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikumnyima raia haki ya kumiliki silaha, bali imeiwekea masharti ya leseni. Je, jambo lililoruhusiwa kwa masharti huwaje uovu kwa asili yake?

Historia nayo inashuhudia. Mwaka 1896 utawala wa Kijerumani ulitoa amri ya kudhibiti uwindaji, na baada ya Vita vya Majimaji (1905–1907) ukawanyang'anya watu wa kusini silaha zao. Njaa iliyosababishwa na jeshi hilo kuchoma mashamba na maghala iliwakuta wananchi hata cha kumzuia mnyama hawana. Na katika Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, vita dhidi ya majangili viliwaangukia raia. Kamati ya Bunge ilieleza mauaji na mateso, na mawaziri 4 wakaondolewa. Hayo ndiyo matunda ya kumchanganya mkulima na mhalifu.

Hata hivyo, haki haisimami kwa mguu mmoja. Miongoni mwetu wamo wanaoficha magobore darini, yaliyoundwa na mafundi wasio na leseni, na baruti imewekwa karibu na jiko. Wakiambiwa wayasalimishe, husema ni urithi wa babu. Urithi gani huu unaoweza kumuua mjukuu?

Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, hata kwa mzaha. Alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Hayo yamethibiti kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa mshale una adabu yake, itakuwaje bunduki? Aliyezoea kusema "sikukusudia" na aisome Surat An-Nisaa, aya ya 92. Kuua kwa kukosea kuna kafara na diya. Kukosa kusudio hakumwondolei mtu dhima yote.

Kwa hiyo mwenye silaha hana budi kujua haya: kila bunduki ihesabiwe kuwa imeshindiliwa, mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kisiguse kifyatulio kabla ya kukiona na kukitambua kinacholengwa na kilicho nyuma yake, kwani gizani kishindo cha nguruwe na cha jirani hufanana, silaha na risasi zifungiwe mbalimbali. Na mtoto afundishwe madrasa na nyumbani kwamba akiiona bunduki asiiguse, aondoke, amwite mtu mzima.

Wala asidhani mtu kuwa leseni ya bunduki ni ruhusa ya kuua tembo. Tembo analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na anapovamia shamba waitwe askari wa wanyamapori.

Tunaiomba Serikali isogeze mafunzo na leseni karibu na mwanakijiji, kwani haki iliyo mbali na maskini ni haki ya tajiri peke yake. Nasi maimamu na walimu tuifundishe adabu ya silaha kama tunavyofundisha adabu nyingine. Mwenye gobore lisilosajiliwa na alipeleke polisi kila Serikali itangazapo muda wa msamaha, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2022. Anayedai haki ya kumiliki silaha na akakataa kujifunza, huyo hadai haki, anadai fujo.

Wabillahi tawfiq.