Mambo ya Nyumbani: Vijiko vya Fedha Vilivyoingia Weusi

Mwaka jana, siku chache kabla ya Pasaka, mke wangu alifungua sanduku alilorithi kwa marehemu mama yake, akatoa vijiko sita na uma sita za fedha, vyote vimefungwa katika gazeti kuukuu. Vilikuwa vyeusi kama vitu vilivyookolewa motoni. Akaviweka mezani, akaenda zake sokoni. Nami, kwa bidii isiyo na maarifa, nikatwaa kijiko kimoja pamoja na majivu na mchanga, nikakisugua kama tusuguavyo masufuria. Kikang'aa kweli. Lakini mgongoni, pale kijiko kinapogusa meza, ikatokea rangi nyingine, ya kijivu inayoelekea umanjano, nayo haikuondoka tena. Mke wangu aliporudi alikitazama sana, asiseme neno. Kijiko hicho ndicho anachoniwekea mimi hata leo.

Kosa langu lilianzia katika kudhani kwamba weusi ule ni kutu. Sivyo. Kutu hula chuma mpaka kikaisha. Fedha haipati kutu. Yenyewe hushikwa na salfa, iliyomo hewani, katika moshi wa mafuta ya taa, katika vitunguu na mpira, na zaidi katika mayai. Mtu akila yai kwa kijiko cha fedha, kabla hajaondoka mezani aweza kuuona weusi umeanza. Salfa hiyo huungana na fedha ya juu, ikafanya ngozi nyembamba nyeusi. Basi, fedha iliyomo katika ngozi ile haijapotea, imefungwa tu. Mwenye kusugua kwa mchanga huing'oa na kuimwaga pamoja na maji machafu.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa vyombo vilivyopakwa fedha juu tu, maana tabaka lake ni jembamba kuliko unywele. Kwa hiyo geuza kijiko kwanza, usome nyuma yake. Penye tarakimu 925, katika kila sehemu 1000 sehemu 925 ni fedha. Vyombo vya Uingereza vya namna hiyo hupigwa chapa ya simba atembeaye, nayo imetumika huko tangu mwaka 1544. Lakini zikiwapo herufi EPNS, ujue kwamba fedha imepakwa juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Vijiko vyetu vilikuwa na herufi hizo, nami sikujisumbua kuzisoma.

Sasa njia iliyo njema. Twaa sufuria ya alumini iliyozeeka, au bakuli ulilolitandika karatasi ya alumini. Panga vijiko ndani, kila kimoja kiguse alumini, kwa maana kisipogusa kazi haifanyiki. Tia bikaboneti ya soda, ule unga mweupe utiwao katika maandazi, vijiko viwili vya mezani kwa lita 1 ya maji, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka hata vyombo vifunikwe. Utasikia harufu kama ya yai viza. Usiogope, ni salfa inayotoka, ila fungua dirisha. Alumini huinyang'anya fedha salfa yake, na fedha hurudi mahali pake juu ya kijiko. Baada ya dakika mbili au tatu vitoe, visuuze kwa maji safi, uvikaushe papo hapo kwa kitambaa laini cha pamba. Weusi ulio mzito huenda ukataka kurudiwa kwa maji mapya. Walimu wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani kwa kijiko kimoja tu, nao hawatalisahau upesi.

Asiye na bikaboneti aweza kutumia magadi, lakini ni makali, hula alumini na kuitia weusi. Basi usiyatie katika sufuria unayopikia. Tafuta kifuniko kibovu.

Visu vyenye mipini ya fedha visilowekwe kabisa. Mara nyingi mpini huwa mtupu ndani, umejazwa lami au sandarusi ili kushika ubapa, na maji ya moto huiyeyusha, mpini ukalegea. Hivyo visugue polepole kwa unga wa chaki uliochungwa kwa kitambaa na kuloweshwa kidogo. Vivyo hivyo vikuku vyenye nakshi, kama walivyofua masonara wa pwani kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa: weusi uliomo ndani ya mistari ndio unaoonyesha nakshi, na maji ya soda yangeuondoa wote.

Wako wanaosifu ndimu na chumvi. Hiyo ni dawa ya shaba, iacheni huko. Chumvi ikikaa juu ya fedha huitoboa vidoadoa visivyotoka, hata kijiko kilichoachwa usiku mmoja ndani ya kibakuli cha chumvi kitaonyesha. Dawa ya meno nayo ina chembe zenye kukwaruza.

Katika kuviweka, tulikosea pia sisi kwa lile gazeti, kwa kuwa karatasi za namna hiyo nazo huleta weusi. Visifungwe kwa mpira, wala visizungushiwe kitambaa cha sufi. Pamba kavu yatosha, na kipande cha chaki ndani ya sanduku kinywe unyevu. Lakini vilivyo bora ni vile vinavyotumiwa na kuoshwa kila siku, maana weusi haupati nafasi ya kukaa. Mke wangu amekubali neno hili, na tangu Pasaka ile vijiko havijarudi sandukuni.

Mwezi ujao, Mungu akijalia, tutasema habari za visu vya chuma na kutu yake, ambayo hiyo ni kutu kweli.