Wageni wa Krismasi na Kikohozi



Desemba imefika. Huku kwetu Bagamoyo upepo wa kaskazi umeanza kuvuma, na kila jioni mabasi yanayotoka Makumbusho yanashusha watu wenye mabegi na watoto. Ni wana wetu, wakwe na wajukuu, wanakuja kula sikukuu nyumbani. Tunafurahi. Lakini mwezi huu tunataka kuzungumza jambo ambalo wengi hatupendi kulitaja wakati wa furaha, nalo ni ugonjwa wa korona.

Huenda mtaguna, "Korona tena? Si ilikwisha?" Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya dunia tena. Halikusema kwamba kirusi chake kimeondoka. Bado kipo, na huwaumiza zaidi wazee na wenye kisukari, presha au maradhi ya moyo. Yaani wale ambao sikukuu hufanyika nyumbani kwao.

Tuwaeleze yaliyotupata Krismasi ya 2020. Wakati ule takwimu za wagonjwa zilikuwa hazitangazwi tangu mwisho wa Aprili, na barakoa zilikuwa zimewekwa kabatini. Wifi alifika kutoka Dar es Salaam akiwa na kikohozi kidogo. Alisema ni vumbi la njiani. Usiku tulimsikia akikohoa, tukatazamana, tukanyamaza. Nani amwambie wifi yake, aliyekuja na zawadi za watoto, asikae karibu na mama yake mzazi? Siku ya sikukuu mvua ilinyesha. Tukafunga madirisha, tukaketi watu 14 sebuleni, tukala pilau katika masinia.

Kabla ya Mwaka Mpya mama mkwe alishikwa na homa, kisha pumzi ikawa nzito. Tulimfukiza kwa majani siku nne ndipo tukampeleka hospitali. Hakupimwa korona, kwa hiyo hatukupata kujua kwa hakika. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini tangu hapo hakuweza kufika kanisani bila kupumzika njiani mara mbili. Wifi alilia sana. Nasi tulilia, maana tungeweza kusema na hatukusema.

Mama mwenzetu, ukarimu si kunyamaza. Haya ndiyo tunayofanya sasa.

Tunasema mapema. Wiki moja kabla ya safari tunawapigia simu wote, bila kuchagua: "Atakayekuwa na homa, mafua au kikohozi asubiri apone, fungu lake litakuwepo." Likisemwa kwa wote, hakuna anayejiona amenyooshewa kidole. Na kama amekwisha fika akikohoa, mwambie kwa upole: "Wifi, karibu sana. Tumekutandikia chumba cha uani chenye dirisha. Chakula tutakuletea, na mama utamsalimu kutoka barazani." Mpe barakoa, naye atakayemhudumia avae yake.

Tunakula nje. Kirusi hiki hutoka na pumzi, na katika chumba kilichofungwa hubaki hewani kama moshi wa kuni. Tandika majamvi chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, fungua madirisha na milango. Feni peke yake huzungusha hewa ile ile. Tena mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya yeye mwenyewe kujisikia mgonjwa, kwa hiyo hata kama hakuna anayekohoa, kiti cha bibi kiwekwe upande unakotoka upepo.

Kila mtu na sahani yake. Najua sinia lina utamu wake kwetu watu wa pwani, lakini wakati wa wageni wengi liache lipumzike. Weka kibuyu chirizi na sabuni karibu na jamvi. Mikono safi hutukinga pia na kuhara na kipindupindu.

Hatungoji nyungu imalize kazi. Mvuke huweza kufungua pua, lakini hauui kirusi, na maji yanayochemka yameunguza watoto wengi. Mgonjwa akihema kwa shida, akibanwa kifua, midomo ikibadilika rangi au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa Krismasi.

Na kuhusu chanjo, mtakumbuka Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, akina mama wengi wakapata moyo. Mkimpeleka mtoto kliniki, ulizeni pia habari za chanjo kwa wazee wenu.

Krismasi ya 2021 simu iliita asubuhi. Alikuwa wifi. "Jamani, nina mafua. Mwaka huu siji, msije mkamuua mama kwa ajili yangu." Tulimfungia kapu la samaki wa kukaanga tukalituma kwa basi. Alikuja katikati ya Januari akiwa mzima, akaketi na mama yake barazani mpaka giza likaingia.

Ile ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Tunawatakia nanyi Krismasi njema, na wazee wenu wauone mwaka mpya wakiwa na pumzi nyepesi.