Uwanja wa Trafalgar na Majina ya Wapagazi Wetu



Siku hizi si ajabu mtumishi wa serikali kupata safari ya Uingereza, kwa masomo au kwa mkutano. Akirudi kwetu Nachingwea au Ruangwa, aghalabu hutuonyesha picha aliyopigwa katika uwanja wa Trafalgar Square, katikati ya mji wa London, amesimama karibu na simba wa shaba. Twaitazama, twampongeza, na habari yaishia hapo. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya habari. Uwanja ule una somo kwetu sisi watu wa Kusini, na somo lenyewe ni la kazi yetu ya kila siku, yaani kuandika majina ya watu.

Wazee wetu katika utumishi walijua kusafiri kwa faida. Bwana Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Aliporudi aliandika kitabu cha mambo waliyoyaona na waliyoyafanya huko. Desturi hiyo ni njema: aendaye aone, na aonaye awaandikie wenziwe.

Basi mgeni aone nini pale? Kwanza ataona nguzo ya jiwe iliyojengwa kati ya mwaka 1840 na 1843. Urefu wake wapita mita 51. Juu yake yupo Nelson, mkuu wa manowari za Waingereza, aliyekufa katika vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Simba wanne waliwekwa chini yake mwaka 1867. Pembeni mna sanamu za majemadari Napier na Havelock, waliojulikana kwa vita vya Bara Hindi. Hao wote wameandikwa majina yao, na mtoto wa shule aweza kuyasoma.

Lakini mgeni asiondoke upesi. Chini ya nguzo mna mabamba manne ya shaba yenye picha za vita. Katika bamba la upande wa kusini, lionyeshalo kufa kwa Nelson, yumo baharia mmoja Mwafrika ameshika bunduki. Yeye naye alikuwa vitani, na risasi hazikumchagua Nelson peke yake. Walakini jina lake halikuandikwa. Sura yake imekaa pale tangu karne ya kumi na tisa, na wapitao hawajui wamwiteje.

Pembeni mwa uwanja mna jiwe la nne la kusimamishia sanamu, lililojengwa mwaka 1841 na kukaa tupu zaidi ya miaka 150 kwa kukosa fedha. Siku hizi huwekwa juu yake kazi za mafundi mbalimbali kwa zamu. Kuanzia Septemba 2022 hata Septemba 2024 palisimama sanamu ya mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi, kazi ya fundi Samson Kambalu, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo. Chilembwe amevaa kofia, na kando yake yupo Mzungu rafiki yake, John Chorley, ambaye amefanywa mdogo sana kuliko yeye. Sanamu hiyo ilifuata picha iliyopigwa mwaka 1914. Zamani zile Mwafrika kuvaa kofia mbele ya Mzungu ilihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Naye Chilembwe hakuivua.

Habari za Chilembwe zagusa nchi yetu. Mwezi wa Novemba 1914 aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland kulalamika kwamba Waafrika wanatiwa katika vita visivyokuwa vyao. Vita vyenyewe ndivyo vile vya Waingereza na Wadachi, vilivyopiganwa katika nchi hii. Januari 1915 aliinuka na watu wake, na tarehe 3 Februari akapigwa risasi akafa.

Vita alivyovilalamikia vilifika mpaka mlangoni petu. Tarehe 15 hata 18 Oktoba 1917 majeshi yalipambana Mahiwa, karibu na Nyangao, mahali pasipo mbali na Ruangwa wala Nachingwea. Vitabu vyatupa majina ya majemadari wa pande zote mbili. Lakini nani alibeba risasi, unga na majeruhi? Ni wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki, walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam latokana na kambi ya jeshi la wapagazi hao. Watu wote wajua soko. Ni wachache wawajuao wenye jina.

Mwezi wa Aprili 2021, Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri ni jambo jema. Lakini majina ya babu zetu hayako London. Yakiwapo, yamo vinywani mwa wazee wa vijiji vyetu.

Tena si wapagazi tu. Kuanzia mwaka 1947 maelfu ya watu walifyeka pori kwa ajili ya mashamba ya karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya mahali palipochaguliwa. Wengine walijenga reli ya kutoka pwani. Mpango wa karanga ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mapema katika miaka ya 1960. Hasara ya fedha imeandikwa mpaka senti. Watu waliotoa jasho hawakuandikwa. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1950 sasa amepita 90. Tukingoja tena, tutabaki kuuliza makaburi.

Najua wengine watasema: barabara ni mbovu, dawa ni haba, kwa nini tushughulike na wafu? Nami najibu kwamba daftari moja halipunguzi dawa hata kidonge kimoja. Wengine watasema sanamu haziafikiani na dini yao. Hao nawaheshimu, na kwa hiyo siombi sanamu. Naomba majina.

Shauri langu ni hili. Kila mtumishi mwenzetu aliye katika ofisi ya kijiji au kata, pamoja na walimu, afungue daftari lenye safu tano: jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, kazi aliyoifanya, na jina la aliyetoa habari. Hiyo safu ya tano isisahauliwe, maana ndiyo itakayotenga ushahidi na uvumi. Baada ya mwaka mmoja chama kikusanye madaftari, kilinganishe majina, kisha kichangishe wanachama tupate vibao viwili, kimoja Nachingwea na kimoja Ruangwa, vikae mahali pa wazi ambapo mwenye kwenda sokoni atasoma bila kulipa wala kuomba ruhusa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ndivyo kwa mali, itakuwaje kwa watu? Sisi ndio washika kalamu wa nchi hii. Kila siku twaandika mbegu, mifuko ya korosho na stakabadhi za kodi, wala hatukosei hesabu. Haifai mtu aliyebeba mzigo hata akafa njiani awe ndiye pekee asiyekuwa na mstari katika vitabu vyetu.