Ukienda Namugongo, pita na Kasubi

Kila mwaka Juni 3 inapokaribia, mahujaji wa Dar es Salaam, wakiwemo wa Kariakoo na Jangwani, hupanda mabasi kwenda Namugongo, Uganda. Wengine hawafiki Kasubi, jijini Kampala, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, wakihofia kwamba huko ni upagani. Kwa maoni yangu, wanajinyima somo kubwa.

Kasubi, ndani ya nyumba ya nyasi yenye pete 52 darini kwa ajili ya koo 52 za Waganda, amezikwa Mwanga II, aliyeamuru Karoli Lwanga na wenzake wauawe mwaka 1886. Alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieri.

Basilika ya Namugongo nayo, yenye nguzo 22 kwa mashahidi 22, ina umbo la nyumba ya asili ya Kiganda. Kanisa halikuona haya kujenga kwa mfano wa nyumba ya wazee.

Basi tuvue viatu, tuingie kwa heshima. Hatuendi kuabudu wafalme. Tunaenda kumwombea marehemu. Kristo alituagiza tuwaombee watesi, na hakutaja kwamba wakishazikwa tuwasahau.