Kibao cha mlangoni si pano ya matangazo

Leo naongea juu ya kibao.

Kipande cha ubao ao karatoni, kimeandikwa kwa makala: "Tunashona nguo", "Simu zinachajiwa hapa", "Mandazi iko". Kimefungwa mbele ya nyumba ile ile ambamo mtu analala na watoto wake. Kisha anafika kijana na daftari kwapani, anasema: hii ni pano ya matangazo, lipa. Ukimuomba kitansi, anasema atairudisha kesho. Kesho haifiki.

Mimi nasema hapana.

Pano ya matangazo tunaijua. Waliofika Goma waliziona kando ya barabara: vyuma virefu, picha kubwa ya bia ao ya kampuni ya simu. Mwenye hiyo pano analipia macho ya mji mzima. Mshonaji wetu anatafuta macho ya jirani wa nyumba ya tatu.

Na nani ana haja ya kibao? Si mwenyeji. Mama aliyezaliwa Nyabiondo akikaanga mandazi, mtaa wote unajua mlango wake. Lakini familia zilizokimbia Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, ao Walikale-centre mwezi wa tatu mwaka ule ule, zimefika mahali ambapo hakuna anayejua jina lao. Fundi aliyekuwa na wateja wa miaka mingi anaanza upya. Kibao ndicho kinamsemea: niko hapa, kazi naijua. (Vingine vina makosa ya kuandika hadi unacheka, lakini wateja wanafika.) Kumlipisha kwa kibao ni kumlipisha kwa kuwa mgeni.

Wengine wataniambia kila mtu achangie. Kweli, Katiba, kifungu cha 174, inasema kuchangia ni wajibu. Lakini kifungu hicho kinaanza kwa kusema kodi inawekwa na sheria tu. Biashara ndogo nayo ina sheria yake tangu 1990, ile ya patenti. Anayetaka patenti aseme patenti, aonyeshe bei, aandike kitansi. Asijifiche nyuma ya kibao.

Machefu wa vijiji, bandikeni mbele ya ofisi zenu orodha ya kodi zinazoruhusiwa, kwa Kiswahili. Na wewe mama, kijana akija, mwite jirani awe shahidi kabla hujatoa hata feranga moja. Akiwa na bunduki, usibishane naye: shika siku na saa, halafu uende kwa chefu.