Mkweche wa mjomba

Makalio yanauma. Wiki hii nimepanda pikipiki tena baada ya miaka mitatu, na wala siyo pikipiki ya kutesea mjini. Ni mkweche. Honda CG 125 ya mjomba, imenizidi umri, tangi limechubuka mpaka huwezi kujua kama lilizaliwa jekundu au la kahawia.

Wanaonifahamu pale kijiweni watashangaa, maana walinisikia nikiapa. Nilipomaliza kidato cha nne nilipiga bodaboda hapa Tabora mwaka mzima, na siyo siri, nilikuwa natisha. Kona nalala, malori nachomekea, honi ndiyo salamu. Siku moja nilimpakia mdogo wangu wa kike, nampeleka sokoni. Kichwani nilikuwa nahesabu abiria nitakaowawahi nikishamshusha. Nikaongeza moto. Mchanga, breki, wote chini. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye mkono wa kushoto ulivunjika, wakamtia chuma. Na elementi ilikuwa moja, niliivaa mimi.

Pikipiki niliirudisha kwa tajiri siku ile ile. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Sasa mjomba wangu yuko Urambo. Alikuwa bwana shamba wa tumbaku, na hiyo Honda ndiyo iliyomfikisha kwa wakulima miaka yote. Siku hizi macho yamefifia. Akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uchukue punda wako." Nikamwambia, mjomba, mimi naogopa. Akacheka. "Vizuri. Asiyeogopa simpi."

Nilikwenda kwa basi. Nilidhani nitapewa ufunguo, nisepe. Thubutu! Siku mbili nzima nilikaa chini ya mwembe nimeshika spana. Plagi nikaisugua kwa msasa, kabureta nikaifungua na kuiosha, oili nikamwaga na kuweka mpya, breki za dramu nikazikaza. Huko nyuma, kwenye bodaboda, nilikuwa najua kuweka mafuta na kupiga honi tu. Mengine kazi ya fundi.

Hapo ndipo mjomba alinipa historia. Anasema Honda waliitoa injini hii miaka ya 1970 wakilenga nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba mzigo wa gari na oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo za chuma badala ya cheni, na mnyororo wa nyuma umefunikwa usile vumbi. Wachina wakaipenda, wakaigeuza. Nyingi ya zile pikipiki za Kichina zilizojaza vijiwe vya bodaboda miaka ya 2000 zina injini ya ukoo huo huo. Kwa hiyo, jamaa yangu unayemcheka babu barabarani, angalia vizuri: umepanda mjukuu wake.

Siku ya tatu, alfajiri, nikafungua koki, nikavuta choki, nikapiga kiki. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tano ikakohoa kama mzee aliyelala kwenye baridi, kisha ikakaa sawa: tu-tu-tu-tu. Mikono ilikuwa inanitetemeka, na siyo kwa baridi. Mjomba akaniambia neno moja tu la barabarani: "Mwache kirangozi atangulie."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze. Urambo mpaka Tabora ni kilomita 90 na ushei, na upande huu ndiko ilikopita njia ya misafara ya zamani, ile ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na bidhaa begani, na wengine waliopita njia hiyo walikuwa watumwa, hawakuchagua safari. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 wakati panaitwa Kaze, aliandika kwamba aliyemtangulia kirangozi alitozwa faini. Walichomoa mshale kwenye podo lake.

Basi nikaondoka. Lami safi kabisa, enzi za mjomba ilikuwa vumbi na mchanga. Mkweche ukifika sitini unaanza kutetemeka hadi meno yanagongana, kwa hiyo nikatulia kwenye hamsini. Jamani, walinipita wote! Mabasi yamenipita, noah zimenipita, bodaboda mmoja amebeba magunia mawili ya mkaa na mbuzi akanipita, na nadhani yule mbuzi alinicheka. Zamani ningekufa kwa aibu. Safari hii nilikuwa najisemea moyoni: haya baba, toa mshale wako.

Ukienda polepole na breki za dramu, unalazimika kufikiri mapema. Ng'ombe yuko mita mia mbele, wewe umeshaachia moto. Mtoto anavuka, umeshamwona tangu akiwa uani kwao. Nilipofika Ndono nikasimama, nikaipumzisha injini, nikanywa chai. Kilomita 42 zilizobaki nilizimaliza taratibu, huku miombo ikinitazama kulia na kushoto.

Nilikuwa nawaza habari za Mirambo. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ikafungwa, hata Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone akalazimika kuzungukia kusini. Mimi njia yangu hakuna mtemi aliyeifunga. Niliifunga mwenyewe, nikaiita kiapo, kumbe ilikuwa ni kukwepa kumtazama mdogo wangu usoni.

Nimeingia nyumbani jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Mama alisimama mlangoni na ufagio, akautazama mkweche, akanitazama mimi, akaingia ndani kukoroga uji. Mdogo wangu akatoka. Akaizunguka pikipiki mara moja, akagusa kiti kwa mkono ule wa kushoto.

"Kaka, inakimbia?"

"Haikimbii kabisa."

"Elementi yangu iko wapi?"

Nikakosa jibu. Kilomita zote zile, chai ya Ndono, kirangozi, Burton, na bado nilikuwa nimerudi na elementi moja, tena kichwani kwangu.

"Basi siku ukiwa nayo uniambie," akasema, "unipeleke Kwihara nikaone tembe la Livingstone." Akarudi ndani, bila hasira.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, malipo ya safu hii yameshapata kazi. Na wewe unayepakia watu, kabla hujapiga kiki, hesabu vichwa kwanza, halafu hesabu elementi. Zisipolingana, shuka, tembea. Hapa Tabora tunajua kutembea.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.